Mahakama za dawa za kulevya zinafaulu. Ukizilinganisha na nini?

"Una siku ngapi bila dawa?" jaji aliuliza.

"Tisini na mbili."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwendesha mashtaka akapiga, wakili wa utetezi akapiga, hata askari wa mlangoni akapiga. Jaji akashuka kutoka kwenye kiti chake, akampa yule mama kisarafu cha plastiki, akamshika mkono na kumuuliza habari za mtoto wake. Hata jina la mtoto alilitaja.

Nilikuwa natazama rekodi ya kikao cha mahakama moja ya Marekani, usiku, simu mkononi. Nikataka kuzima, maana nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimekipata. Kabla sijazima ikaitwa kesi ya kijana ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akipiga makofi pamoja na wenzake, bahasha ya karatasi zake ameibana kwapani. Kipimo chake cha mkojo kilikuwa kimeonyesha dawa. Hakubisha. Jaji, kwa sauti ileile ya upole, akampa siku tatu jela. Pingu zikaja. Bahasha ikadondoka, na aliyeinama kuiokota ni yule askari wa mlangoni.

Ugonjwa mmoja. Jaji mmoja. Nusu saa moja.

Wiki kadhaa sasa picha ile haijaniacha, na nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu mahakama hizi ili nijibu swali linaloonekana jepesi: zinafanya kazi?

## Namba ziko upande wao

Wanaozitetea hawabahatishi. Ya kwanza ilifunguliwa Miami mwaka 1989, wakati kesi za kokeini zilikuwa zimejaza jela za Florida hadi pomoni na watu walewale wakitoka na kurudi. Wazo lilikuwa hili: badala ya kumfunga mraibu, unaiweka hukumu yake kiporo, unampeleka kwenye matibabu, na unamtaka afike mbele ya jaji yuleyule mara kwa mara, kwa mwaka mzima au zaidi. Anapimwa mkojo bila taarifa. Akifanya vizuri anasifiwa na kupunguziwa masharti. Akiteleza anaadhibiwa papo hapo, kwa kazi za jamii au siku chache za jela. Akimaliza, shtaka hufutwa au hukumu hupunguzwa. Akishindwa, kiporo kinapashwa moto.

Leo Marekani ina zaidi ya 4,000 za namna hii, ukijumlisha na zile zilizozaliwa kutokana nazo, za madereva walevi, za wanajeshi wastaafu, za wagonjwa wa akili. Toronto walianza mwaka 1998, Sydney mwaka 1999, Glasgow na Dublin mwaka 2001.

Mwaka 2012 mtafiti Ojmarrh Mitchell na wenzake walizikusanya tathmini 154 na kuzichambua kwa pamoja. Kwa watu wazima, walikuta kwamba ikiwa watu 50 kati ya 100 wangerudia makosa wakipitia njia ya kawaida, waliopitia mahakama za dawa wangekuwa kama 38. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mkubwa ulioongozwa na Urban Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulifuatilia mahakama 23 pamoja na maeneo sita ya kulinganishia. Baada ya miezi 18, waliokiri kutumia dawa katika mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 56 upande wa mahakama hizi na asilimia 76 upande wa pili. Waliokiri kufanya uhalifu: 40 dhidi ya 53.

Hizo si namba za kupuuza. Katika fani ya kurekebisha wahalifu, ambako programu nyingi huzinduliwa kwa mbwembwe na kufa kimyakimya, tofauti ya watu 12 kati ya 100 ni jambo la kuvua kofia.

Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapa.

## Upande wa pili wa mizani

Mimi nilikwama kwenye neno moja la kila jedwali: "ikilinganishwa".

Mahakama ya dawa ililinganishwa na kesi ya kawaida, yaani kifungo, au uangalizi wa nje ambao afisa mmoja ana mafaili mpaka darini na matibabu ni bahati yako. Kumshinda mkimbiaji aliyevunjika mguu ni ushindi, lakini hakutuambii una mbio kiasi gani.

Kuna na ujanja mdogo ambao uliharibu tathmini nyingi za mwanzo. Unachukua waliohitimu, unawalinganisha na waliofukuzwa au waliokataa kujiunga, halafu unatangaza matokeo. Lakini anayemaliza miezi 18 ya vipimo na vikao ni yule ambaye tangu mwanzo ana pa kulala, ana ndugu wa kumpa nauli, na uraibu wake haujafika mfupani. Kwa makadirio ya jumla ni kama nusu tu wanaohitimu, na kiwango hubadilika sana kutoka mahakama hadi mahakama. Ukihesabu waliofika mwisho tu, karibu mpango wowote utang'aa.

Ndiyo maana majaribio ya kura, ambapo bahati nasibu ndiyo inayoamua nani aingie kundi gani, yana thamani ya pekee hapa. Kura haijui nani ana nauli. Katika rundo lile la tathmini 154, ya kura yalikuwa ya kuhesabu kwenye vidole.

Mojawapo lilifanyika Baltimore. Nitalifikia.

## Yule mtu aliye kwenye kiti

Kwanza jambo lililonishangaza. Utafiti wa mahakama 23 haukuishia kuuliza kama zinafaulu. Uliuliza ni kipi hasa ndani yake kinachofaulisha. Vipimo? Tishio la jela? Matibabu? Kilichojitokeza zaidi ya vyote ni jaji. Washiriki waliomwona jaji kuwa mwenye haki, anayewasikiliza na kuwaheshimu, ndio waliopunguza dawa na uhalifu zaidi.

Fikiria maisha ya mtu ambaye kwa miaka kumi kila mwenye cheo aliyekutana naye amemwita teja. Polisi, nesi, mwenye nyumba. Sasa mtu mwenye joho, mwenye uwezo wa kumpa mvua tano, anamuuliza mtoto wako anaendeleaje, na baada ya wiki mbili anakumbuka jibu. Sihitaji takwimu kuniaminisha kwamba hilo linamfikia mtu mahali ambapo ukali haujawahi kufika.

Na kwa wanaotumia kokeini au methamfetamini kuna sababu nyingine. Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuutibu uraibu huo kama methadoni inavyotibu wa heroini. Njia yenye ushahidi mzito zaidi ni kumpa mtu zawadi ndogo, ya uhakika na ya papo hapo, kila kipimo chake kinapokuwa safi. Kisarafu cha plastiki na makofi ya ukumbi ni binamu wa njia hiyo. Kwa hiyo nilichokiona kama maigizo kidogo huenda ndicho kilichokuwa matibabu halisi, na uzito wa sheria ndio uliokuwa maigizo.

Hawaii inanisaidia kufikiri hivyo. Mwaka 2004 jaji Steven Alm alianzisha huko mpango mwingine, wenye mantiki ya adhabu tupu: ukikosea, jela siku chache, leo hii, bila kukosa. Tathmini ya kura ya mwaka 2009 ilileta matokeo ya kusisimua, na majimbo mengine yakaiga. Serikali kuu ikadhamini majaribio manne, Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas, kwa kufuata mwongozo uleule. Matokeo yalitoka mwaka 2016: hakuna tofauti ya maana na uangalizi wa kawaida. Walichukua ratiba ya adhabu. Jaji Alm mwenyewe hawakuweza kumbeba.

## Mlango umefungwa upande usiofaa

Kama jaji ndiye dawa, basi nani apewe dozi?

Huko Delaware, Douglas Marlowe, David Festinger na wenzao walijaribu hilo kwa kura. Baadhi ya washiriki walipangiwa kumwona jaji kila baada ya wiki mbili, wengine wakaitwa pale tu palipokuwa na tatizo. Kwa wenye hatari ndogo, vikao vya mara kwa mara havikuongeza kitu. Kwa wenye hatari kubwa, waliowahi kushindwa matibabu au wenye historia ndefu ya vurugu na kuvunja sheria, vikao vilileta tofauti kubwa.

Sasa angalia mlangoni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 iliyofungua mfereji wa fedha za serikali kuu kwa mahakama hizi iliweka sharti kwamba zisitumike kwa wahalifu wa makosa ya ukatili. Waendesha mashtaka nao, ambao mara nyingi ndio wenye ufunguo, hupendelea kesi zisizowaletea lawama gazetini: kijana wa kosa la kwanza, misokoto miwili mfukoni. Yule ambaye jaji angemfaa zaidi anabaki nje, na ndani anaingizwa mtu ambaye pengine angeacha mwenyewe akiachwa.

Denver ilikuwa mbaya zaidi. Mahakama yao ilianza mwaka 1994, na jaji Morris Hoffman wa huko aliandika baadaye kwamba kesi za dawa zilizofikishwa mahakamani ziliongezeka karibu mara tatu ndani ya miaka miwili. Polisi na waendesha mashtaka walipoona sasa kuna mahali pazuri pa kuwapeleka watu, wakaanza kuwapeleka hata wale ambao zamani wangewaacha waende zao. Na kila anayeingia mlango huo ana kiporo cha hukumu nyuma yake.

Kiporo hicho si cha mdomoni tu. Uchambuzi wa Eric Sevigny na wenzake mwaka 2013 ulionyesha kwamba mahakama hizi hupunguza idadi ya watu wanaofungwa, lakini jumla ya siku zinazotumika gerezani haipungui kwa kiasi cha maana. Waliofaulu wameokolewa. Waliofukuzwa wanatumikia vifungo virefu, na ukizijumlisha zile siku tatutatu za adhabu njiani, hesabu inarudi palepale. Ukipiga hesabu ya vitanda vya gereza, mshindi hayupo.

## Baltimore, baada ya miaka 15

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Denise Gottfredson na wenzake waliwagawa kwa kura watu 235 wa Baltimore. Wengi wao walikuwa waraibu wa heroini wa muda mrefu, wenye makosa mengi kwenye mafaili yao. Hawa si wa misokoto miwili. Baadhi waliingia mahakama ya dawa, wengine wakafuata njia ya kawaida. Baada ya miaka miwili, asilimia 66 ya kundi la kwanza walikuwa wamekamatwa tena, dhidi ya asilimia 81 ya kundi la pili. Kwa watu wa aina hiyo, ni mafanikio.

Watafiti hawakuishia hapo. Walirudi kwenye rekodi baada ya miaka 15, na tofauti ilikuwa bado ipo: kukamatwa kuchache, mashtaka machache, kutiwa hatiani kuchache. Sijui programu nyingi za kurekebisha wahalifu zenye matokeo yanayodumu miaka 15. Niliposoma hapo nilikuwa tayari kuandika makala tofauti kabisa na hii.

Kisha nikafungua uchambuzi wao wa vifo, uliochapishwa mwaka 2019. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amekufa ndani ya miaka hiyo 15. Karibu theluthi mbili ya vifo vilihusiana na matumizi ya dawa au pombe. Na kati ya waliopitia mahakama ya dawa na wasiopitia, hapakuwa na tofauti ya maana.

Soma tena hayo mawili yakiwa pamoja. Walikamatwa mara chache zaidi. Walikufa sawasawa.

Nimejaribu kutoa utetezi kwa niaba ya mahakama. Watu 235 ni wachache, na tofauti ndogo ya vifo inaweza kujificha kwenye kundi dogo hivyo. Waliopangiwa mahakama ya dawa si wote waliopata matibabu ya kueleweka. Zama zile methadoni mahakamani ilitazamwa kwa jicho baya. Yote ni kweli, ila hoja ya mwisho ikichunguzwa haiitetei mahakama. Inaishtaki.

## Siku tatu zinaweza kuwa nyingi

Methadoni na buprenofini ndizo dawa zenye ushahidi mkubwa zaidi wa kupunguza vifo vya waraibu wa heroini na jamaa zake. Jambo hili halina ubishi wa kitaalamu. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ya mahakama za dawa za Marekani zilizohojiwa hazikuwapa washiriki dawa hizo, ingawa karibu zote zilikuwa na waraibu wa aina hiyo. Zingine ziliwaamuru walioanza dozi waache ili wahesabiwe "wasafi". Jaji, mtu wa sheria, anamwondolea mgonjwa dozi aliyoandikiwa na daktari. Ingekuwa insulini, tungepiga kelele hadi tusikike mwezini.

Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kunyima ruzuku mahakama zinazokataza dawa hizo. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliushtaki mfumo wa mahakama wa jimbo la Pennsylvania kwa kuwabagua watu waliokuwa wakizitumia, na mwaka 2024 pande mbili zikafikia makubaliano. Yaani miaka zaidi ya 30 baada ya Miami, bado ilibidi wanasheria wa serikali waende kuwaeleza majaji kwamba tiba ni tiba.

Halafu kuna jela yenyewe. Mwili wa mraibu wa heroini ukikaa bila dawa, arosto ikapita, uwezo wake wa kuhimili unashuka. Akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani, kinamuua. Ingrid Binswanger na wenzake walichunguza waliotoka magerezani jimbo la Washington na kuchapisha mwaka 2007: katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wa kawaida. Wale walitoka vifungo virefu kuliko siku tatu, na sitaki kuzinyoosha namba zao zaidi ya zinavyokwenda. Lakini siku hizi mtaani kuna fentanili, jamaa wa heroini mwenye nguvu kuliko heroini yenyewe, ambayo kosa lake ni la chembe, na mantiki ya mwili ni ileile.

Wenye mahakama wenyewe wameanza kuliona. Chama chao cha kitaifa, ambacho sasa kinaitwa All Rise, kimeandika upya viwango vyake na kusema kuacha dawa kabisa ni lengo la mbali kwa mtu ambaye uraibu wake haujatulia, na kwamba asipelekwe jela kwa kutumia tu. Aadhibiwe kwa kudanganya au kukwepa vikao, vitu ambavyo yuko na uwezo navyo. Kwa kipimo hicho yule kijana wa bahasha, aliyekiri bila kubisha, asingefungwa pingu. Viwango, hata hivyo, si sheria. Jaji anayetaka kuviweka kabatini anaviweka.

## Kundi la tatu

Wapo watakaoniambia kwamba bila upanga kichwani, mraibu habaki kwenye matibabu. Hoja ina uzito. Wanaoingia matibabu kwa shinikizo la sheria kwa kawaida hubaki angalau kwa muda sawa na wanaoingia kwa hiari, na kubaki ndiko kunakoponya. Nimekutana na familia ambazo zingelipa chochote ili upanga huo uwepo.

Ila hadi leo tumeupima upanga wenye matibabu dhidi ya upanga mtupu, na matibabu yakashinda. Tunayaandikia ushindi huo jina la mahakama.

Ningepewa uwezo wa kuagiza utafiti mmoja, ningechukua waraibu waliokamatwa kwa makosa yanayoweza kuwapeleka gerezani, wenye hatari kubwa wakiwemo, na kura iwagawe sehemu tatu. Wa kwanza wafuate njia ya kawaida. Wa pili waende mahakama ya dawa iliyo bora, yenye jaji mmoja asiyebadilishwa na methadoni bila masharti. Wa tatu kesi yao iwekwe pembeni kabisa. Siku ileile wafikishwe kliniki, wapewe dozi, pa kulala, na mtu mmoja wa kuwafuatilia anayewajua kwa majina na kuyajua majina ya watoto wao. Kipimo kikionyesha dawa, daktari aongeze dozi au azungumze nao. Pingu zisihusike. Kisha zihesabiwe safu tatu: waliokamatwa tena, siku walizolala ndani, na walio hai baada ya miaka 15.

Inawezekana mahakama ikashinda hata hapo. Nikilazimishwa kuweka dau, ningeliweka kwa mahakama kwenye safu ya kwanza na kwa kliniki kwenye ya tatu, na ningependa sana kumsikia mwanasiasa akieleza ni safu ipi anaifadhili.

Wala kura si jambo la kuotea. Pale Parramatta, magharibi ya Sydney, wanaokidhi vigezo ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo tangu zamani mahakama yao ya dawa huchagua watu kwa kura na wasiobahatika hurudi kwenye njia ya kawaida. Makundi mawili tayari yapo. Linalokosekana ni la tatu, na mwendesha mashtaka wa kuliwekea sahihi.